Aafje Heynis: waimbaji wa alto waanzie rekodi gani?

Swali (Bukavu): Wakubwa, alto wa korali wakifika noti za chini wanakwaruza. Rekodi gani ya Heynis, yule Mholanzi (1924–2015) wa kontralto, sauti ya chini kabisa ya kike, inafaa kuwasikilizisha?

Jibu: Yaya, Rapsodia ya Alto ya mtunzi Brahms, opus 53, aliyorekodi 1958 na orkestra ya Concertgebouw ya Amsterdam chini ya kondakta Eduard van Beinum. Korali ya wanaume inaingia sehemu ya mwisho tu, muziki ukihamia ufunguo wa C meja. Hapo Heynis hashindani nao. Sauti inaelea juu yao.

Jibu: Ila wavae spika za masikioni. Spika ya simu inameza besi, na kontralto bila besi ni nini? Kukwaruza mara nyingi kunatokana na kusukuma pumzi huku kidevu kimebanwa kifuani. Wapunguze nguvu, washuke nusu toni moja moja wakiimba irabu "o".