Ganzi bila sindano: hospitali za kaunti zinunue, ama ni madoido ya Kilimani?

MamaWawili_Donholm:
Jamani naomba maoni, si matusi. Kijana wangu wa miaka saba ana magego mawili ya utoto yameoza. Kliniki moja ya kibinafsi imeniambia wana kifaa cha kupiga ganzi bila sindano, springi inasukuma dawa ikapenya ufizi. Ni elfu tatu juu ya bei ya kawaida. Hospitali ya kaunti ni sindano tu, na foleni ya alfajiri. Kama kitu hiki kipo, mbona mtoto wa Kilimani kwa wenye pesa asidungwe na wa Donholm kwetu adungwe? Kaunti zisinunue? SHA, bima ya afya ya serikali, isilipe?

Kamanda_Zimmerman:
Tunakatwa asilimia 2.75 ya mshahara tuje tununue springi? Kaunti ikipata pesa ya meno iajiri daktari wa meno kwanza. Kifaa kisicho na mtu wa kukishika ni pambo la kabati.

Kidosi_wa_Kilimani:
Kwani Kilimani imewakosea nini? Mimi naishi huku na nadungwa kama nyinyi. Mwenye nyumba hunidunga kila tarehe tano, na ganzi hapigi.

Gego_la_Mwisho:
Niseme kidogo, maana kushika hiyo sindano ndiyo kazi yangu. Dawa ni ile ile, lidokeini. Springi au gesi inaisukuma kupitia tundu jembamba sana, kwa kasi ya kutoboa ufizi bila chuma kuingia. Kwa meno ya juu na ya mbele inafanya kazi, kwa sababu mfupa wa pale ni mwembamba na dawa inaupenya. Balaa ni magego ya chini. Mfupa wake ni mgumu, kwa hivyo kwa mtu mzima sisi hufuata neva pale inapoingilia taya, nyuma kule karibu na koo, sentimita mbili na zaidi ndani ya nyama. Springi haifiki huko. Kwa mtoto mfupa bado ni laini, mara nyingine unapiga pembeni ya jino na inashika, lakini mtu asikuuzie hiyo kama hakika. Mama, magego ya kijana ni ya juu ama ya chini?

MamaWawili_Donholm:
Ya chini, yote mawili. Na hao wa elfu tatu hawakuniuliza habari ya juu wala chini. Waliniambia "hatasikia kitu."

Mzee_wa_Kaloleni:
Mchelea mwana kulia hulia yeye. Babu yangu, kwa mila yetu Waluo, aling'olewa meno sita ya chini kwa chuma, kwa kikao kimoja, na hakupepesa jicho. Leo mtoto hajaliona bomba la sindano, mama ameshaanza kulia na kuuliza SHA.

MamaWawili_Donholm:
Mzee, nimekuheshimu, lakini mimi sijalia. Nimeuliza bei.

NyarUgenya:
Mzee wangu, babu uchungu aliusikia. Ruhusa ya kuuonyesha ndiyo hakuwa nayo, kijiji kizima kimemkodolea macho.

Kamanda_Zimmerman:
Tulifunzwa kwamba ile sita ilikuwa ya pepopunda. Taya likikaza, mgonjwa anapitishiwa uji kwenye pengo. Kwa hivyo babu alikuwa anapewa bima ya afya, tena bila makato.

NyarUgenya:
Hiyo hadithi ya pepopunda kila mtu anaikariri kama shairi la shule. Basi mbona walingoja mpaka kijana akaribie kubalehe? Pepopunda inauliza umri? Ilikuwa alama ya kuvuka utoto, na ya kukutambulisha wewe ni wa wapi. Mnatusimulia kama sanamu za makumbusho.

Ole_wa_Kitengela:
Sisi Wamaasai tulikuwa tunang'oa mawili tu, yale ya katikati chini, na sababu niliyopewa nyumbani ni hiyo hiyo ya taya kukaza. Mawili yanatosha kupitisha maziwa. Sita ni ubadhirifu.

Mzee_wa_Kaloleni:
Ole, wewe na mawili yako hebu tulia.

Fundi_Ngara:
Swali lilikuwa kaunti inunue ama isinunue. Mimi hutengeneza vifaa vya hospitali, nisikilizeni. Hizi bunduki za dawa si mpya. Miaka ya sitini zilitumika Afrika Magharibi kuchanja ndui, watu wengi kwa siku moja, umeme hauhitajiki. Baadaye ikaonekana mdomo wa bunduki ukigusa huyu kisha yule, damu inahama. California mwaka 1985, kliniki moja ya kupunguza uzito iliambukiza watu homa ya ini aina ya B kwa njia hiyo, na jeshi la Marekani likaziweka kando 1997. Za sasa zina kichwa cha kutupwa, mgonjwa mmoja kichwa kimoja. Hapo ndipo pesa ilipo. Bunduki unanunua mara moja, vichwa unanunua kila wiki. Vikiisha, mtu wa zamu atafanya nini na foleni imefika getini? Atachemsha vya jana? Mimi nimetengeneza mashine nzima zilizolala miaka kwa kukosa kipuri kidogo.

Kidosi_wa_Kilimani:
Ati bunduki. Mtoto wa miaka saba awekewe bunduki mdomoni, na kuna mtu hapa anaiita maendeleo.

Fundi_Ngara:
Nimeandika aya nzima juu ya vichwa vya kutupwa, wewe umesoma neno moja. Hongera.

Kidosi_wa_Kilimani:
Neno lenyewe umelitumia mara tatu, ndugu.

Gego_la_Mwisho:
Hata hivyo Kidosi ameparamia jambo. Kile kifaa kinapiga "ta!", na dawa kidogo humwagika mdomoni, chungu. Wagiriki waliwajaribia watoto wa miaka 6 hadi 11 njia zote mbili, majibu wakayatoa 2010, na watoto wengi walisema afadhali sindano. Kwa hivyo kabla ya kudai kaunti inunue, daini vitu vya bei ya chai: jeli ya kupaka kwenye ufizi, iachwe dakika moja au mbili ishike, dawa isitoke kwenye friji ikaingia ikiwa baridi, na mkono usukume polepole. Uchungu mwingi wa sindano ya meno unaletwa na haraka.

Kamanda_Zimmerman:
Kwa hivyo daktari umekubali hapa hadharani kwamba mna haraka.

Gego_la_Mwisho:
Nikiwa na wagonjwa thelathini nje, wewe ungekuwa unaimba?

Otis_Rongai:
Kuna ile ganzi ya kupuliza puani, ilitoka Marekani. Mbona hamuisemi? Au madaktari wetu hawataki tujue?

Gego_la_Mwisho:
Iliidhinishwa huko 2016. Ilikuwa ya meno ya juu tu, na ya mtu wa kilo 40 kwenda juu. Kijana wa miaka saba mwenye kilo 40 ana shida nyingine. Na Otis, hakuna mtu anayekuficha pua.

NyarUgenya:
Mimi bado niko kwa Mzee. Ukisema babu hakulia, unamfundisha nini mjukuu? Anyamaze mpaka jino lipasuke? Watu wazima mjini hapa wanatafuna upande mmoja miaka mitatu kwa sababu waliambiwa mwanaume halii kwa kiti cha meno.

Mzee_wa_Kaloleni:
Binti, unanitia maneno mdomoni. Nimesema ujasiri unafundishwa. Mila ile ilikuwa na mafunzo, ilikuwa na wazee, na mwenye kung'oa alikuwa na mkono unaojulikana.

Gego_la_Mwisho:
Mzee, kwa heshima zako, neno mila huniogopesha. Bado naletewa vichanga waliochokonolewa ufizi kwa chuma, ati wana "meno ya plastiki" yanayoleta homa na kuhara. Kile kiupele cheupe kinachotolewa ni chipukizi la jino. Mtoto anakua bila chonge, au jino la ukubwani linaota na kasoro, na wengine hufa kwa maambukizi au kwa kupoteza damu. Hao nao hunitajia wazee na mkono unaojulikana.

Mzee_wa_Kaloleni:
Wewe kijana! Unanilinganisha na watu wanaochokonoa watoto wachanga? Kwetu hakuna kichanga aliyeguswa. Kijana alikuwa anajua anakokwenda. Futa hayo.

Gego_la_Mwisho:
Sikusema kwenu, Mzee. Nimesema neno linatumika vibaya.

Ole_wa_Kitengela:
Hapo Mzee ana haki. Nilimwonea kwa yale sita, kwa hili niko upande wake.

MamaWawili_Donholm:
Yaani nimeuliza habari ya springi, mnapigania mapengo.

Kamanda_Zimmerman:
Dada, hapa umeuliza Nairobi nzima. Lakini sikia: usilipe elfu tatu ya meno ya chini. Nenda hospitali ya kaunti, uulize jeli ipo, na useme apige polepole. Jeli ikikosekana inunue duka la dawa njiani.

Otis_Rongai:
Na uombe uingie naye ndani. Wengine hufukuza wazazi.

Gego_la_Mwisho:
Wengine hufukuza kwa sababu mzazi huzirai kabla ya mtoto. Mimi siwafukuzi, ila nawaweka kwenye kiti chenye mgongo.

Kidosi_wa_Kilimani:
Mzee wa Kaloleni, swali la moja kwa moja. Wewe mwenyewe umewahi kung'olewa jino? Na ulipigwa ganzi?

Mzee_wa_Kaloleni:
Gego, mwaka jana. Ganzi nilipigwa.

Kidosi_wa_Kilimani:
Mara moja?

Mzee_wa_Kaloleni:
Mara mbili. Ya kwanza haikushika.

NyarUgenya:
MARA MBILI. Na babu anatazama kutoka juu.

Gego_la_Mwisho:
Muacheni, hiyo ni kawaida kabisa. Jino likiwa na usaha, nyama iliyolizunguka huwa na tindikali na ganzi inakataa kushika. Hata mimi ningempiga ya pili.

Mzee_wa_Kaloleni:
Umesikia, binti? Tindikali. Iandike mahali.