Kindle au Kobo kwa mchanganyiko wa PDF, EPUB na MOBI? Naomba ushauri kabla sijatoa hela

MwalimuRungwe
Wakuu, habari za jioni. Mwenzenu ni mwalimu huku Tukuyu. Kishikwambi tulichogawiwa baada ya sensa ya 2022 nakishukuru kwa kazi za shule, ila kusomea kitabu usiku macho yamekataa. Nimeletewa vifaa viwili vya kusomea vitabu, vilivyotumika: Kindle Paperwhite ya 2018, ya kampuni ya Amazon, na Kobo Clara HD ya mwaka huohuo. Bei zinakaribiana, kwa hiyo bei si hoja. Vyote ni inchi 6, vyote GB 8, vyote vinachajiwa kwa ule waya mdogo wa simu za zamani.

Hoja ni aina za mafaili ya vitabu nilivyonavyo. Juzi umeme ulipokatika nikakaa kuyahesabu: 212. PDF 131, EPUB 48, MOBI 20, na DOCX (za Word) 13 ambazo ni notisi zangu mwenyewe. Muuzaji anasema vyote "vinasoma kila kitu". Muuzaji gani aliwahi kusema vingine? Nani kati yenu ametumia vyote viwili?

FundiMafiati
Kobo. EPUB na MOBI unazitupia kwa waya, zinafunguka. Kindle ukiitupia EPUB kwa waya utaitafuta kwenye orodha mpaka asubuhi.

KamweneIringa
Kamwene mwalimu. Fundi kasema kweli ila kaacha nusu. Nyumbani vipo vyote viwili, kimoja changu kingine cha mama watoto, kwa hiyo tofauti naziona kila siku.

Fanya jaribio hili kwenye kompyuta: chukua EPUB yoyote, itolee nakala, kisha mwisho wa jina futa .epub uandike .zip. Ifungue. Utakuta kurasa za aina ileile ya tovuti, mara nyingi sura moja faili moja, picha zimekaa kwenye folda yao, na faili dogo linaloamua kichwa cha habari kiwe kikubwa kiasi gani. Hutakuta "ukurasa wa 45" mle ndani. Ukurasa unapangwa na kifaa chako palepale, kulingana na kioo chake na ukubwa wa herufi uliouchagua. Ndiyo maana EPUB inakaa vizuri inchi 6, inakaa vizuri kwenye simu.

MOBI nayo ni aina ya faili la kitabu, ila ni mzee mstaafu. Ilitoka kwa Mobipocket, kampuni ya Ufaransa ambayo Amazon waliinunua 2005, miaka miwili kabla ya Kindle ya kwanza. Mwaka 2011 wakaleta muundo mpya, ndio huu tunaouita AZW3, unaopanga maandishi na picha vizuri zaidi. Huduma yao ya kutuma vitabu kwenye Kindle ilianza kupokea EPUB mwaka 2022, na MOBI wakaiweka pembeni. Ila kwa waya Kindle inafungua MOBI na AZW3 bila neno.

Kwa hiyo EPUB zako 48 kwenye Kindle zina njia mbili. Ama unazituma kwa barua pepe, unawasha hotspoti ya simu, zinageuzwa huko kwao na kushuka kwenye kifaa. Bando litaliwa, si sana. Ama unazigeuza mwenyewe kuwa AZW3 kwa Calibre, programu ya bure ambayo Kovid Goyal alianza kuitengeneza 2006. Unazichagua zote kwa mkupuo, unabonyeza, unakwenda kunywa chai. Kwenye Kobo hiyo kazi haipo kabisa.

Jambo la kufuli, lile maduka wanalowekea vitabu visinakiliwe, nalo usilisahau. Kwa kawaida kitabu cha kununua kwenye duka la Kindle hakifunguki Kobo, na cha duka la Kobo hakifunguki Kindle. Kama hununui, hilo halikuhusu.

Ila mwalimu, tumekazania habari ya EPUB wakati una PDF 131. Hizo ndizo zitakazokutoa jasho. Bwanashamba yuko wapi?

BwanashambaUyole
Nipo. Nilikuwa shambani kweli, msicheke.

PDF ni karatasi iliyogandishwa. Kampuni ya Adobe waliitoa 1993 ili kitu kichapishwe vilevile kwenye mashine yoyote, na kazi hiyo inaifanya vizuri mno, ndipo tatizo linapoanzia. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Kioo cha inchi 6 kina upana wa sentimita 9 hivi. Ukiibana A4 nzima mle, herufi ya ukubwa wa 12 inaonekana kama ya 5. Huo ndio usomaji wa masharti ya mkopo.

Dawa ya kwanza: kata kingo nyeupe. A4 yenye sentimita mbili na nusu kila upande inabaki na maandishi ya sentimita 16. Herufi yako imepanda hadi karibu 7. Dawa ya pili: lalaza kifaa. Sasa upana ni sentimita 12, herufi imefika 9, na hiyo inasomeka bila kukunja uso. Ukurasa mmoja utaugawa mara mbili au tatu, lakini utasoma. Mimi miongozo ya viazi mviringo nasoma hivyo.

Msikimbilie kugeuza PDF kuwa EPUB. Mwongozo mmoja niliugeuza, majedwali yakavurugika yote. Sentimita 75 za nafasi kati ya matuta zikahamia chini ya kichwa cha mbolea. Mkulima angenifuata na jembe. Namba za kurasa nazo zinaingia katikati ya sentensi. Hata maelezo ya Calibre yenyewe yanakiri kwamba PDF ni kati ya mafaili mabaya kabisa ya kugeuza. Riwaya ya maandishi matupu, sawa, jaribu. Yenye safu mbili au majedwali, iache ilivyo.

Kilichonifanya nibaki Kobo ni KOReader. Programu ya bure, unaiweka kwa waya, inakata kingo yenyewe na inaweza kupanga upya maneno ya PDF yafuate kioo. Kwenye Kindle mpaka uvunje ulinzi wa kifaa kwanza, na inategemea toleo la mfumo wake. Sina moyo huo.

FundiMafiati
Nyongeza kwa zile PDF za kuskani. Hiyo si maandishi, ni picha. Huwezi kukuza herufi wala kutafuta neno. Kuna jamaa alileta kifaa "kimeharibika", kinachukua dakika nzima kufungua ukurasa. Nikaangalia faili: MB 86, kitabu cha kurasa 140 kimepigwa picha za rangi stesheneri. Kifaa kilikuwa kizima kabisa.

BaridiMakete
Mimi nina la kwangu dogo. Huku mwezi wa sita na wa saba kioo cha wino wa kielektroniki kinazubaa asubuhi. Unageuza ukurasa, kivuli cha ule wa nyuma kinabaki. Si ubovu, ni baridi. Kiweke kifuani ndani ya koti kwanza. Simu haina hayo, ila simu inakula chaji. Hiki nachaji mara moja kwa wiki mbili, tatu.

MwalimuRungwe
Ndaga fijo wakuu. Bwanashamba umenifungua macho na hizo hesabu. Swali: nyingi za zangu ni Kiswahili. Kuna shida yoyote?

KamweneIringa
Ipo, na wengi hawaijui. Ndani ya EPUB kuna mstari unaotaja lugha ya kitabu. Watengenezaji wengi wanaacha Kiingereza. Kifaa kinaamini, kinaanza kukata maneno mwisho wa mstari kwa kanuni za Kiingereza. Nilikuwa nakuta "ning-" juu na "ependa" chini, nikadhani kioo changu kina wazimu. Fungua kitabu kwenye Calibre, sehemu ya taarifa za kitabu, weka lugha Kiswahili, kisha kirudishe kwenye kifaa. Kama bado kinakata ovyo, zima ukataji wa maneno.

Na zile ambazo kompyuta imegeuza picha za skani kuwa maandishi, angalia ng' yenye kibainishi. Kopi yangu moja kila ng'ombe aligeuka "ng ombe". Ukimtafuta humpati, kama kweli kapotea.

MwalimuRungwe
Mrejesho. Leo nimekutana na muuzaji, nikaja na PDF zangu tatu na EPUB mbili kwenye flashi, nikamwomba laptopu yake. EPUB za Kobo zilifunguka palepale. Za Kindle hazikuonekana, kama Fundi alivyosema. PDF zote tatu zilikuwa ndogo kama siafu kwenye vyote viwili, mpaka nilipolalaza na kukuza.

Nimechukua Kobo. Zile DOCX 13 usiku huu nimezigeuza EPUB, na moja ilikuwa imeandikwa lugha ya Kiingereza wakati nimeiandika mwenyewe kwa Kiswahili! PDF za kuskani nimezitenga, ziko 37, hizo zitabaki kwenye kishikwambi. Kilichoniuma ni kwamba Paperwhite haiingizi maji na Clara HD haina kinga hiyo, na mvua ya Tukuyu mnaijua.

MtotoWaKyela
Mwalimu, ile Paperwhite bado ipo kwa huyo jamaa? Mimi zangu zote ni MOBI na nasomea kwenye mtumbwi. Nipe mawasiliano yake faragha tafadhali.