Waliofika Japani kwa ajili ya magari tu: tupeane uzoefu

Chuma cha Kigamboni (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Kila siku tunabishana kuhusu injini za 1G na 1JZ, Toyota Crown na Mark X, lakini magari yote hayo yana kwao. Nimefungua uzi huu kwa waliofika Japani kwa shauku ya magari, iwe kwa likizo, masomo au biashara. Tuelezane tulichokiona na namna ya kukifikia, anayejipanga apate pa kuanzia. Naanza mimi.

Safari yangu niliipanga kuizunguka Daikoku. Kwa asiyepajua, ni maegesho ya mapumziko ya barabara ya kulipia, Yokohama upande wa Tsurumi, chini ya madaraja yanayopindana juu kwa juu. Treni haifiki na kwa miguu hapaingiliki, kwa sababu mlango wake uko kwenye barabara ya kasi peke yake. Kwa hiyo lazima uwe na gari au mwenyeji mwenye gari. Mimi nilikuwa na rafiki anayesoma kule. Unaposhuka ile njia ya kuzunguka, injini unazisikia kabla hujaona kitu.

Nilitegemea kukuta Skyline na Supra, na zilikuwepo. Nilichokuwa sijakitegemea ni mchanganyiko. Crown na Celsior zimelazwa chini mpaka bampa inakaribia lami, pembeni yake vigari vidogo vya 660cc vimepambwa kwa umakini uleule, kisha RX-7, kisha gari la kazi la fundi bomba lenye rimu za bei mbaya. Hakuna anayemdharau mwenzake.

Nilisimama muda mrefu kwenye Toyota Chaser JZX100 nyeupe. Huyu ni pacha wa GX100 tunayoendesha huku, ila chini ya boneti ana 1JZ yenye tabo. Mwenyewe mzee wa makamo, Kijapani changu ni cha salamu tu, lakini nilipoonyesha boneti kwa mkono wazi akaelewa na kuifungua. Kila nati muhimu ilikuwa imechorwa mstari mwembamba wa rangi nyeupe, unaoanzia kwenye nati na kuishia kwenye chuma kilicho chini yake. Nati ikilegea hata kidogo, mstari unakatika, anaona bila kushika spana. Mipira yote imepangwa, hakuna waya unaoning'inia. Kwenye karatasi injini hiyo iliandikwa nguvu farasi 280, kwa sababu watengenezaji wa Japani walikubaliana wasitangaze zaidi ya hapo, na makubaliano hayo yalidumu mpaka 2004. Akanionyesha kwa vidole kwamba yake imeshapita huko mbali.

Baadaye polisi wakatangaza kwa kipaza sauti kwamba wanafunga. Wikiendi usiku hilo ni jambo la kawaida kelele zikizidi. Watu wakafunga boneti, wakaokota hata vikopo vyao vya kahawa, wakaondoka. Hakuna ubishi, hakuna aliyechoma tairi kwa kuaga. Niliheshimu sana hilo.

Angalizo moja. Kuna watu wanauza safari za kukupeleka Daikoku kwa magari yao binafsi. Gari la kubeba abiria kwa malipo kule linatakiwa liwe na namba za kijani. Ukiona namba nyeupe na mtu anataka hela ya kukubeba, hiyo ni teksi bubu na sheria haimruhusu.

Karibuni wengine.

Dogo wa Mbeya

Mkuu shukrani. Swali: leseni yetu inatumika kule, nikodi mwenyewe?

Chuma cha Kigamboni

Leseni ya nyumbani peke yake haitoshi, dogo. Japani inatambua kibali cha kimataifa kilichotolewa chini ya Mkataba wa Geneva wa 1949 wa usafiri wa barabarani tu, na kinatumika mwaka mmoja. Vipo vibali vya mkataba wa 1968, hivyo hawavipokei. Soma kwenye jalada la kibali chako kabla ya kulipia gari, na kampuni ya kukodisha iulize kwa maandishi. Ukishapata, kuendesha ni rahisi kwetu: usukani kulia, njia kushoto. Kuwa makini kituo cha mafuta, bomba jekundu ni petroli ya kawaida, la njano ni ile ya oktani ya juu, la KIJANI ni dizeli.

Mwana wa Ngong

Hamjambo wadau. Mimi ni Mkenya, na nilichokitafuta Japani ni Safari Rally. Ndiyo, Safari yetu.

Zama, mkoa wa Kanagawa, Nissan wametunza magari yao ya kihistoria kwenye jengo lililokuwa sehemu ya kiwanda. Kuingia ni bure lakini unaomba nafasi mapema mtandaoni, hawapokei mtu wa kubisha hodi. Ndani ni mistari ya magari mamia, na upande wa mashindano ndiko nilikomaliza muda wangu wote. Kuna Datsun 240Z iliyoshinda Safari ya 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, nyekundu, boneti jeusi. Bluebird aliyoshindia 1970 nayo ipo.

Babangu alikuwa akitusimulia alivyosimama kando ya barabara ya murram kusubiri magari haya, na jina la Shekhar Mehta halikukauka mdomoni mwake. Mehta alizaliwa Uganda, akaendesha kama Mkenya, akashinda Safari mara tano: 1973 na 240Z, kisha 1979 hadi 1982 mfululizo na Violet. Ile ya 1973 alifungana pointi na Harry Källström, ikabidi mshindi aamuliwe kwa kanuni ya sare. Mzee wangu aliisimulia kama iliyotokea jana.

Mwelekezi alipojua natoka Nairobi alinirudisha kwenye 240Z akaniuliza kuhusu matope. Yaani mimi ndiye nikawa namweleza yeye: udongo mweusi wa pamba ukinyeshewa unavyoshika tairi, mito inavyofurika Aprili, ng'ombe na twiga barabarani. Alikuwa akiandika. Ninyi mnaofikiri Japani ilitupa magari na sisi tukapokea tu, jueni Datsun ilijijengea jina la uimara kwenye barabara zetu, na wenyewe kule wanakiri hivyo.

Mnunuzi wa Kariakoo

Mimi kwangu ni kazi, lakini shauku pia ipo. Nimepelekwa na mwenyeji wangu kwenye mnada wa USS Tokyo, ambao kwa kweli uko Noda, mkoa wa Chiba. Huingii bila uanachama au mwanachama wa kukuingiza. Magari ni maelfu kwa siku moja. Watu wamekaa kimya mbele ya skrini, wanabonyeza kitufe, gari linauzwa kabla hujamaliza kusoma maelezo yake.

Nataka mjue kusoma karatasi ya mnada, maana huku wengi wanaonyeshwa picha tu. Juu kuna alama ya jumla: 5, 4.5, 4, 3.5 na kushuka. Ukiona R, gari limewahi kurekebishwa baada ya ajali iliyogusa mifupa ya bodi. Kuna herufi ya hali ya ndani ya gari, A mpaka D. Kisha mchoro wa gari uliojaa alama: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupigwa rangi, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa. Namba inayofuata herufi ni ukubwa, kwa hiyo U1 kwenye mlango isikutishe, S3 chini ya gari ikukimbize.

Mkaguzi mmoja nilimtazama akifanya kazi. Aliinama na tochi, akavuta ule mpira wa mlango kidogo, akachungulia alama za welding za kiwandani, akarudishia mpira kwa kidole kama ulivyokuwa. Mlango kwa mlango. Ndiyo maana alama zao zinaaminika, na ndiyo maana msikubali kununua bila kuona karatasi ya asili. Nimeona gari lililoondoka kule na kilomita nyingi likauzwa huku na chache, karatasi "imepotea".

Na kwa nini wanauza magari bado mazima? Kule gari binafsi linapita ukaguzi wa lazima, shaken, kila miaka 2 baada ya ile 3 ya mwanzo, na gharama yake inauma. Likifika miaka 13 kodi ya gari la petroli inaongezwa. Mwenye nalo anapiga hesabu, anaona heri auze.

Binti wa Nyali

Kaka zangu, mmeisahau Ebisu! Iko milimani Nihonmatsu, Fukushima, njia kadhaa za mashindano kwenye kilima kimoja, na ndiko nyumbani kwa drifti, ule uendeshaji wa kutelezesha gari ubavu kwenye kona. Nilikwenda wakati wa tamasha lao, magari yanacheza mchana na usiku. Silvia, 180SX, Mark II, nyingi zina bampa zilizoshonwa kwa zile tai za plastiki za kufungia nyaya. Bampa ikitoka, dereva anaingia pembeni, anashona tena, anarudi. Baba na mwanawe walikuwa wakibadilisha tairi pamoja bila kusemezana, kila mmoja anajua zamu yake.

Nililipia kukaa kiti cha abiria. Tulikwenda ubavu ubavu kuelekea ukuta na dereva mkono mmoja uko kwenye breki ya mkono, ametulia tuli. Tetemeko la Februari 2021 liliporomosha udongo mwingi kwenye njia mojawapo, wakafukua, wakaendelea. Jirani yao kuna hifadhi ya wanyama, simba wapo. Na wanawake madereva nimewakuta, wanaheshimiwa kwa usukani wao.

Mwanafunzi Nagoya

Mkiwa Aichi msipite bila jumba la makumbusho la Toyota, Nagakute. Lipo tangu 1989 na wameweka magari ya kampuni nyingine pia, za Ulaya na Marekani, bila wivu. Toyota 2000GT iko hapo. Na mwezi Januari kuna maonyesho ya magari ya Tokyo Auto Salon, Makuhari Messe huko Chiba, siku ya wazi kwa wote hujaa mno, ingieni mapema.

Dogo wa Mbeya

Nikiwa na wikiendi moja tu, wakuu, niende wapi?

Chuma cha Kigamboni

Ukiwa na mwenyeji mwenye gari, Daikoku Jumapili asubuhi. Kumetulia, hawafungi kama usiku, na wazee wanatoka na magari ya zamani, wana muda wa kukuonyesha. Kabla ya kupiga picha ya karibu omba, na usiiweke mtandaoni bila kuficha namba. Huna mwenyeji, nenda Zama kama utapata nafasi, treni inafika mjini humo. Mchana pita Up Garage yoyote, ni maduka ya spea zilizotumika. Usukani, rimu, viti, vyote vina bei na hali imeandikwa. Pima uzito wa begi kabla hujanunua viti.

Na aliyefika njia ya mashindano ya Suzuka aje, sijapafika bado.