Mwanjelwa wapi pa kula vizuri kwa bei poa?

Wakuu habari, nimehamia Mbeya wiki iliyopita nakaa upande wa Kabwe, nataka sehemu ya msosi wa mchana isiyozidi 3,000, nimechoka chipsi mayai jamani.

Jibu 1: Karibu Mbeya mkuu. Zama soko la Mwanjelwa kwa mama ntilie, ulizia wali wa mchele wa Kyela maana ule harufu tu unaupata kabla hujakaa, na maharage na mboga za majani, unashiba mpaka jioni. Nenda saa sita, ukichelewa unakuta ukoko.

Jibu 2: Huyo kasema kweli ila asubuhi na baridi hii, hasa mwezi wa 6 na wa 7, tafuta supu na chapati kwanza. Mimi huwa naangalia wanapokula makonda na bodaboda, hapo chakula hakilali.

Jibu 3: Ndizi za Tukuyu mmezisahau?? Zikipikwa na nyama zikalainika, weka parachichi pembeni, aisee.

Muuliza: Asanteni sana wakuu, kesho naanza na ndizi.