Mrejesho: kikohozi cha mama mwenye baridi yabisi

Ndugu zangu, niliwauliza kama mama, mwenye baridi yabisi ya viungo na kikohozi kikavu, apimwe jeni ya MUC5B, inayohusika na kutengeneza ute wa mapafuni. Nawashukuru kwa dhati. Nilifuata ushauri wa mmoja wenu aliyeeleza kwamba badiliko la jeni hiyo, ambalo utafiti wa mwaka 2018 ulilihusisha na makovu ya mapafu kwa wagonjwa wa baridi yabisi kama mama, ni nadra kwa Waafrika, na kwamba kutokuwa nalo hakumwondolei mtu hatari; hivyo fedha tulizipeleka kwenye picha ya CT ya kifua, Kampala. Makovu machache yameonekana sehemu ya chini ya mapafu, na daktari amebadilisha dawa. Kipimo cha kupuliza, cha kuona mapafu yanavyofanya kazi, hakikufaulu, kwani kila akivuta pumzi alikohoa. Sigiri ya mkaa tumeitoa nje, ila kikohozi bado kipo.