Mrejesho: nobu inayovutika kwenye gitaa jipya

Wakuu, niliuliza kama gitaa langu jipya la umeme, lenye tumbo nusu wazi, ni bovu, maana nobu ya toni (kile kitufe cha kuzungusha cha kurekebisha ukali wa sauti) ilikuwa inapanda juu nikiivuta. Kumbe ni swichi! Ukivuta, pikapu (kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi) ya koili mbili, yaani mizinga miwili ya waya, inabaki na koili moja: sauti inakuwa nyembamba, inang'aa. Muungurumo wa umeme unaongezeka kidogo, nimeuvumilia. Kwa solo za dansi, zile za Tanga ya enzi za bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, ndiyo sauti niliyoitafuta miaka yote. Ndani kuna gogo la mbao katikati, kama gitaa la Gibson ES-335 la 1958, hivyo halipigi mluzi ovyo karibu na spika. Jumamosi nimelipiga harusini Chumbageni. Asante sana mliyenizuia kulirudisha dukani.