Mada: Sedani ya zamani ya kutembelea na familia – nani anajua mambo ya hotirodi?

Kutoka: Brooklyn Park, Minnesota

Hodi humu ndani. Habari zenu wote.

Naomba ushauri wa wanaojua magari. Kuna mzee Mmarekani tunayesali naye anauza Chevrolet Fleetmaster ya 1948, sedani ya milango minne, iliyokwisha kugeuzwa hotirodi, yaani gari la kale lililowekewa mitambo mipya yenye nguvu: injini ya V8 (silinda nane), ile ya inchi za ujazo 350, gia otomatiki, mbele imeshushwa. Anataka dola 21,000. Bodi naiona nzima, ila rangi imechoka na viti vimechanika. Mke wangu ameipenda kunishinda, na zamu yetu ya chama imefika, kwa hiyo hatuhitaji mkopo.

Ni gari la starehe ya familia: jioni za kiangazi, Jumapili baada ya ibada, kwenda ziwani na watoto watatu, wa miaka 3, 6 na 11. Nitazame nini kabla ya kutoa pesa? Na viti vya watoto vinafungika kweli humo?

----

Kutoka: Louisville, Kentucky

Kaka, hapo umegusa penyewe. Mimi ni fundi, na mji huu kila mwanzoni mwa Agosti hujaa hotirodi kwa ajili ya Street Rod Nationals, maonyesho makubwa ya magari hayo. Nimezitengeneza za watu wengi. Hapa nakueleza kama ambavyo ningemweleza ndugu yangu wa tumbo moja.

Kwanza, milango minne ni bahati yako. Wakusanyaji wanagombania za milango miwili, kwa hiyo sedani ya milango minne ya mwaka uleule na hali ileile huuzwa kwa bei ya chini. Kwa mwenye watoto hiyo ndiyo bora: hakuna kukunja kiti cha mbele kila mtu anapotaka kushuka, na ile nguzo ya katikati kati ya milango ndipo mahali pa kufungia mkanda unaopita begani.

Kabla hujafungua boneti, omba hati ya umiliki uisome pale pale. Magari mengi ya umri huo yalisajiliwa kwa namba ya injini. Injini yake ya kiwandani ilikuwa ya silinda sita, inchi za ujazo 216, nguvu ya farasi 90. Hiyo imeshang'olewa zamani na huenda iliuzwa kama chuma chakavu. Ikiwa hati ina namba ya injini ambayo haimo tena ndani ya gari, unanunua kesi. Linganisha namba ya hati na kibati kilichopigwa kwenye nguzo ya mlango wa mbele. Zikitofautiana hata herufi moja, mwambie mzee arekebishe kwanza kwa jina lake, ndipo mzungumze bei. Mzee mwaminifu hatakasirika.

Halafu ingia chini ya gari. Usikubali kutazama kwa kuinama tu na tochi ya simu. Lipa karakana yoyote ya jirani ipandishe gari kwenye lifti nusu saa. Kuna mahali pamoja ambapo hotirodi husema ukweli wake, nako ni pale kisimamio kipya cha mbele, yaani mfumo wa springi na mikono inayoshika magurudumu, kilipochomelewa kwenye chasisi ya zamani. Wengi huweka mfumo wa aina ya Mustang II, Ford ndogo ya 1974 hadi 1978, kwa kuwa ni mwembamba na spea zake zimejaa kila mahali. Ni mfumo mzuri ukiwekwa na mtu anayejua kuchomelea. Tazama mstari wa kuchomelea wenyewe: uwe na mawimbi madogo yanayofuatana sawasawa, umeshika vyuma vyote viwili, bila vitundu na bila nafasi iliyozibwa kwa kipande cha bati. Ukiona uvimbe-uvimbe uliopakwa rangi nyeusi nzito juu yake, kama mtu aliyetaka kuficha, rudi nyumbani. Usukani unategemea pale.

Breki: ulizia masta silinda, ile pampu kuu inayosukuma mafuta ya breki. Gari hili lilitoka kiwandani na mfumo wa bomba moja, yaani likivuja popote unakosa breki zote kwa mara moja. Sheria ya Marekani ilikuja kulazimisha mfumo wa njia mbili mwishoni mwa miaka ya 1960. Aliyeweka V8 yenye nguvu zaidi ya mara mbili ya ile ya awali akaacha breki za 1948, huyo hakujenga gari la familia. Unataka njia mbili, na diski angalau mbele.

Ulizia pia difu, zile gia za ekseli ya nyuma. Ya kiwandani ilikuwa na uwiano wa 4.11, yaani injini huzunguka mara nyingi kwa kila mzunguko wa gurudumu, kwa hiyo inalia sana barabara kuu kwa mwendo ambao leo ni wa kawaida. Kwa kawaida difu hubadilishwa pamoja na injini, lakini uliza imetoka gari gani, uandike, maana siku ukitafuta bearingi au pedi za breki utaulizwa swali hilo dukani. Injini yenyewe isikutie hofu. Chevrolet 350 ilianza kutengenezwa kwa modeli za 1967, na spea zake ziko katika duka lolote la nchi hii.

Beba sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa. Ipitishe chini ya milango, nyuma ya taa, na kwenye pembe za buti. Isiponata, chini yake ni puti, na chini ya puti ni kutu.

Mwisho, liendeshe polepole kuliko kulikimbiza. Gari la namna hii huishi kwenye misururu ya magari ya maonyesho, mwendo wa kutembea, jua kali. Boneti ni jembamba na V8 ina joto. Liache lingurume nusu saa likiwa limesimama, tazama mshale wa joto. Likichemka hapo, ujue unahitaji rejeta kubwa na feni yenye kizingio, na uyaweke hayo kwenye mazungumzo ya bei.

----

Kutoka: Columbus, Ohio

Shemeji wa Brooklyn Park, mimi najibu lile la watoto peke yake, kwa sababu ndiyo kazi yangu: nina cheti cha kukagua ufungaji wa viti vya watoto kwenye magari.

Chevrolet ya 1948 haikuwa na mkanda hata mmoja. Iliyomo sasa iliwekwa na mtu, na huyo mtu ndiye unayemkagua. Ng'oa kiti cha nyuma, kinatoka kirahisi, utazame sakafu. Boliti ya mkanda iwe ile pana ya inchi 7/16, na chini ya sakafu pawe na bamba la chuma zito. Boliti iliyoshika bati tupu lenye miaka zaidi ya 70 itachomoka na washa yake siku ya ajali.

Wa miaka 3: kiti chake chenye mikanda ya mabegani kinaweza kufungwa kwa mkanda wa kiunoni, mradi kiti hicho kinaruhusu, soma kitabu chake. Lakini ule ukanda wa juu unaozuia kichwa cha mtoto kurushwa mbele unahitaji ndoana yake nyuma, na gari lenu halina. Fundi ataiweka kwenye rafu iliyo nyuma ya kiti, nayo iwe na bamba la kuimarisha.

Wa miaka 6 ndiye mwenye shida, na hapa wazazi wengi hawajui. Busta, kile kiti cha kumwinua mtoto ili mkanda umkae vizuri, haitumiki na mkanda wa kiunoni peke yake. Kamwe. Mkanda huo humkata tumboni, na kiwiliwili kinajikunja mbele. Busta inataka mkanda unaopita begani. Kwa hiyo ama weka nyuma mikanda ya pointi tatu, inayopita kiunoni na begani, ama mnunulie kiti chenye mikanda yake kinachobeba uzito mkubwa zaidi. Mkiweka pointi tatu, wa miaka 11 naye amepona.

La mwisho: moshi. Magari haya yana matundu ya zamani kwenye sakafu na kwenye buti, na ekzosi ikivuja kidogo tu, sumu yake isiyo na harufu inaingia kwa watoto waliolala nyuma. Zibeni matundu yote, badilisheni mpira wa buti, na muweke kengele ndogo ya betri ya kugundua hewa hiyo.

Hata baada ya yote haya, gari halina mifuko ya hewa na bodi yake haikubuniwa kunyonya mgongano. Mimi ningelipanda na wanangu kwenye barabara za mtaani, mchana, mwendo wa wastani. Barabara kuu usiku wa mvua, hapana.

----

Kutoka: Dallas, Texas

Vijana, salaam. Mimi nauliza: kwa nini msichukue Peugeot 404? Hiyo ndiyo sedani ya zamani tuliyoijua sisi. Ilishinda Safari Rally 1963, tena 1966, 1967 na 1968. Familia nzima na mzigo wa mkungu wa ndizi juu. Gari lililotimiza miaka 25 linaruhusiwa kuingia Marekani bila kutimiza viwango vya usalama vya magari mapya, usukani wa kulia si kosa.

----

Kutoka: Louisville, Kentucky

Shikamoo mzee wangu. Ni kweli kabisa, na mimi naipenda 404 kutoka moyoni. Tatizo ni spea. Huku ziliuzwa chache miaka ile ya 1960, kwa hiyo kioo cha mbele kikivunjika utaagiza Ufaransa na kusubiri. Familia inayotaka kutoka Jumamosi hii haiwezi kusubiri. Kwa mtu mwenye gereji ya joto na subira, nitakuwa wa kwanza kumsaidia kuitengeneza.

----

Kutoka: St. Paul, Minnesota

Jirani, karibu sana. Sisi tunayo Ford ya 1947, milango minne, miaka kadhaa sasa, na tuna watoto pia. Nakupa ya huku kwetu.

Namba za usajili: Minnesota ina kundi maalumu la hotirodi, kwa magari yaliyotengenezwa kabla ya 1949 na kufanyiwa marekebisho. Yako inaingia. Sharti ni kwamba uwe na gari jingine la kazi za kila siku, maana hili haliruhusiwi kuwa usafiri wako wa kawaida. Bima nayo ni hivyohivyo. Tafuta kampuni za magari ya kale zinazoandika thamani mliyokubaliana tangu mwanzo. Bima ya kawaida itakwambia gari la 1948 ni chuma chakavu. Wataulizia pahala linapolala, gari la kila siku la kila dereva wa nyumbani, na umeendesha miaka mingapi kwa leseni ya Marekani. Jibuni kwa ukweli na muwe na picha za kila pembe.

Mafuta: petroli ya kawaida ya jimbo letu ina ethanoli, aina ya pombe, ambayo hula mipira ya zamani na huharibika haraka ikikaa. Sheria inaruhusu kuuza petroli isiyochanganywa kwa magari ya kale, na vituo vingi vina pampu yake, oktani 91. Tumia hiyo, hasa tangi la mwisho kabla ya baridi. Chumvi ikimwagwa barabarani mara ya kwanza, gari liingie gereji na lisitoke hadi mvua za masika ziwe zimeiosha lami. Chomeka chaja ndogo ya betri, na ziba bomba la ekzosi kwa sababu ya panya.

Sasa raha yenyewe. Usianze na rangi. Rangi nzuri ni zaidi ya dola elfu kumi, na ukishaipaka utaogopa watoto wasiiguse. Sisi tulianza na mikanda, kama dada wa Columbus alivyosema, kisha viti. Tulichagua kitambaa kigumu cha rangi ya tumbaku kwa fundi wa viti, tukamwomba aongeze povu upande wa bibi, kwa sababu mama mkwe akija kutoka Morogoro yeye hukaa nyuma kulia na hataki pengine. Redio ya awali tuliiacha usoni mwa dashibodi jinsi ilivyo, ya kisasa ikafichwa ndani ya kisanduku cha mbele; taarabu inatoka kwenye spika iliyo nyuma ya wavu wa 1947.

Na jina. Kila Juni kuna maonyesho ya Back to the 50's hapa kwenye viwanja vya State Fair, sabasaba ya jimbo letu, magari ya 1964 na ya kabla yake, zaidi ya elfu kumi. Kuna wachoraji wa mistari wanaokaa kivulini na kuchora kwa mkono. Tulimpata mmoja, binti yangu akamwandikia maneno kwenye karatasi, naye akayachora kwenye mfuniko wa buti kwa brashi ya manyoya marefu ya kindi, mkono wa kushoto ukiushika wa kulia usitetemeke: SINA MAKUU. Rangi ya krimu, herufi ndefu kama kidole. Kila tunapoegesha Wamarekani huuliza maana yake, na watoto wangu hugombania kueleza. Binti yangu, ambaye alikuwa akiona haya kusema Kiswahili mbele ya wenzake, sasa ndiye anayewafundisha kutamka.

Moja tu nakutahadharisha. Picha zikifika nyumbani, simu zitaanza. Watu wataona gari linalong'aa na kudhani mmetajirika. Mweleze mama mapema bei halisi na kwamba ni akiba ya chama, asikie kwako kabla ya kusikia kwa jirani.

----

Kutoka: Brooklyn Park, Minnesota

Nimesoma yote, nimeprinti na kumpa mke wangu. Mzee amekubali tulipeleke kwenye lifti Jumamosi saa nne asubuhi, na hati ameitoa: namba ni ya kibati cha mlango, siyo ya injini. Nimeshaona kwa macho yangu zinalingana. Masta silinda ni ya njia mbili. Mikanda ya nyuma ni ya kiunoni peke yake, kwa hiyo nimemwambia nitatoa 19,000 ili iliyobaki iende kwenye pointi tatu na ile ndoana ya nyuma ya kiti. Amesema atafikiria hadi Jumamosi.

Jirani wa St. Paul, ukiwa na nafasi asubuhi hiyo njoo tulitazame pamoja. Na nitumie simu ya yule fundi wa viti.